Mwadi Mabika: Binti wa Zaire Katika Ligi ya Marekani

Tarehe 13 Novemba 1996 waasi wa ADF walivuka mpaka kutoka Zaire na kuushambulia mji wa Mpondwe, upande wa Uganda, ukingoni mwa mto Lhubiriha, jirani kabisa na Bwera. Wazee wa huku wakisimulia historia ya mpaka wetu, wengi huanzia siku hiyo. Kisha hutaja miaka ya kulala kambini kwa kuogopa milima ya Rwenzori, Ebola iliyovuka Juni 2019, na usiku wa Juni 2023 ambapo wanafunzi wa shule ya sekondari ya Lhubiriha waliuawa bwenini. Yote hayo ni kweli na hayana budi kukumbukwa. Lakini mtoto aliyezaliwa Bwera na kukulia kwenye masimulizi hayo peke yake huamini kwamba ng'ambo ya mto hutoka bunduki, magonjwa na wakimbizi tu.

Ng'ambo hiyohiyo, katika miaka ileile, alitoka Mwadi Mabika. Wakati wanajeshi wanauvuka mpaka huu kwenda na kurudi, yeye alikuwa Los Angeles akilipwa kucheza mpira wa kikapu katika ligi kubwa kuliko zote za wanawake duniani, na mara mbili akatwaa ubingwa wake. Naandika habari zake kwa sababu katika ukanda wetu wasichana wanaojua jina lake ni wachache mno.

Alizaliwa Kinshasa tarehe 27 Julai 1976. Kutoka Bwera hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa ndege, na kwa barabara safari hiyo haina hesabu ya kuaminika. Kinshasa ni mji wa Lingala na Kifaransa, mbali na Kiswahili cha Beni, Butembo na Kasindi. Hata hivyo nchi ilikuwa moja na bendera moja: Zaire, jina ambalo Mobutu aliipa mwaka 1971. Mabika alikua katika miaka ambayo dola hiyo ilikuwa inaoza polepole. Mishahara ya watumishi ilikuwa haifiki, fedha ilikuwa inapoteza thamani mikononi mwa watu, barabara zilikuwa zinamezwa na msitu.

Katikati ya uozo huo palikuwa na jambo ambalo Zaire ililifanya vizuri kuliko karibu nchi zote za Afrika. Wanawake wake walijua kucheza kikapu. Tangu 1974 ubingwa wa Afrika ulikuwa kama mali ya Senegal, lakini mwaka 1983 Zaire iliutwaa, ikautwaa tena 1986, na mara ya tatu 1994 huko Johannesburg, mwaka uleule Waafrika Kusini walipopiga kura yao ya kwanza ya watu wote. Kwa miaka mingi Senegal haikuwa na mpinzani mwingine wa kuiogopa barani. Afrika Mashariki nayo ilikuwa na saa yake: wanawake wa Kenya walicheza mashindano ya dunia huko Australia mwaka huohuo wa 1994, jambo ambalo vitabu vyetu vya michezo vimelipita kimya. Mabika hakuchipuka jangwani. Kabla yake walikuwapo dada zake waliokwisha kuonyesha kwamba msichana wa Kinshasa anaweza kurudi nyumbani na kombe.

Ubingwa wa 1994 ndio uliotangulia safari ya Olimpiki ya Atlanta, na Zaire ikawa timu ya kwanza ya wanawake wa Afrika kucheza mpira wa kikapu katika Olimpiki. Tangu mchezo huo kwa wanawake uingizwe Olimpiki mwaka 1976, mwaka aliozaliwa Mabika, bara zima lilikuwa halijawahi kuwa na timu pale.

Serikali iliyotakiwa kuwapeleka ilikuwa haina kitu. Aliyetia mkono mfukoni ni Dikembe Mutombo, mwana wa Kinshasa aliyekuwa akicheza NBA tangu 1991 na ambaye kiangazi kile alihamia timu ya Atlanta Hawks, katika mji uleule wa Olimpiki. Mutombo alilipia jezi na gharama za timu ya wanawake ya nchi yake. Alifariki Septemba 2024, na wengi walimlilia kwa kuzuia mipira kwake, kwa kidole chake cha kukataza, na kwa hospitali aliyoijenga Kinshasa ikafunguliwa 2007 kwa jina la mama yake. Mimi namkumbuka kwanza kwa zile jezi. Mwanamume mmoja alifanya kwa fedha zake kazi ya wizara nzima, na wasichana kumi na wawili wakaingia uwanjani wamevaa kama timu ya taifa.

Uwanjani mambo yalikuwa magumu. Zaire ilipangwa kundi moja na Marekani, Australia, Cuba, Ukraine na Korea Kusini. Marekani ile haikuwa timu ya kawaida. Ilikuwa imekusanywa mwaka mzima kabla, ikazungushwa duniani, ikacheza mechi 52 bila kufungwa hata moja, kisha ikaingia Olimpiki na kushinda nane zaidi. Kikosini walikuwamo Teresa Edwards, Dawn Staley, Sheryl Swoopes na Lisa Leslie. Iliifunga Zaire 107 kwa 47. Australia nayo iliwafunga kwa pengo kubwa. Zaire ilicheza mechi saba, ikapoteza zote, ikamaliza ya kumi na mbili kati ya timu kumi na mbili.

Tarehe 27 Julai, siku ambayo Mabika alitimiza miaka 20, bomu lililipuka usiku katika bustani ya Olimpiki, katikati ya Atlanta. Hiyo ndiyo Marekani aliyoanza nayo. Nyumbani nako moto ulikuwa unakolea. Mwezi wa Agosti Mobutu alikuwa Uswisi akitibiwa saratani. Oktoba vita vikawaka Kivu. Mwanzoni mwa Novemba Goma ilikuwa imeanguka. Na katikati ya mwezi huo ndipo risasi zikalia Mpondwe.

Mtu anayesoma matokeo ya Atlanta tu ataona kushindwa. Waliokuwa wakitafuta wachezaji waliona kitu kingine. Katika timu iliyofungwa kila siku alikuwamo kijana wa karibu mita 1.80, mwepesi, anayeweza kutupa mpira kutoka mbali na kumkaba mtu bila kuchoka. Mchezaji wa namna hiyo huonekana hata timu yake inapozama.

Wakati huo Marekani ilikuwa inajenga ligi mpya. Kabla ya hapo mwanamke wa Kimarekani aliyetaka kuishi kwa kikapu ilimbidi aende Italia, Ufaransa, Hispania au Japani. Ushindi wa Atlanta uliwapa wakubwa wa NBA ujasiri, na WNBA ikaanza kiangazi cha 1997 ikiwa na timu nane. Mwadi Mabika aliandikwa katika kikosi cha Los Angeles Sparks.

Tarehe zake ziangaliwe vizuri. Mnamo 17 Mei 1997 majeshi ya Laurent Kabila yaliingia Kinshasa, vijana wake wengi wakizungumza Kiswahili katika mji ambao haukukizoea, na jina la Zaire likafutwa. Wiki tano baadaye, tarehe 21 Juni, mechi ya kwanza kabisa ya WNBA ilichezwa katika ukumbi wa Great Western Forum, Inglewood, Sparks wakiwakaribisha New York Liberty. Sparks walifungwa 67 kwa 57. Nchi ambayo jezi yake Mabika aliivaa Atlanta haikuwapo tena kwenye ramani, na ajira yake mpya ilikuwa haijatimiza hata siku moja.

Anayemsubiri Los Angeles ni nani? Lisa Leslie, yuleyule wa timu ya 107 kwa 47. Mwaka mmoja tu nyuma walikuwa pande mbili za mechi isiyo na ushindani. Sasa walivaa rangi moja, na wakaendelea kuivaa pamoja kwa miaka kumi hivi. Kwangu hapa ndipo penye uzito wote wa maisha yake ya mchezo. Leslie alikuwa nyota aliyetangazwa kabla ligi haijaanza, mzaliwa wa eneo hilohilo la Los Angeles, mwenye chuo kikuu cha hapohapo nyuma yake. Mabika alikuja na kipaji na umri wa miaka 20, kutoka nchi inayovunjika, bila chuo cha Marekani cha kumwombea kwa makocha. Kila dakika aliyopewa aliipata kwa jasho.

Kazi yenyewe haikuwa ya utajiri. Msimu wa kwanza mchezaji wa ngazi ya chini alilipwa takriban dola 15,000, kwa ligi iliyochezwa miezi michache ya kiangazi tu. Miezi iliyobaki wachezaji wengi walipanda ndege kwenda kucheza nchi nyingine ili mwaka ukamilike. Wanaotazama WNBA ya leo, yenye mikataba minono na viwanja vilivyojaa, wakumbuke kwamba kizazi cha 1997 kilikubali malipo madogo na benchi refu ili ligi isife. Timu na ligi nyingi za wanawake zilikuwa zimekwisha kufa kabla yake.

Miaka minne ya kwanza ilikuwa ya Houston Comets. Waliutwaa ubingwa 1997, 1998, 1999 na tena 2000, wakiongozwa na Cynthia Cooper, Swoopes na Tina Thompson. Sparks walikuwa wanapanda ngazi nyuma yao. Agosti 1998, msimu wa pili wa Mabika ukielekea ukingoni, vita vya pili vya Kongo vilianza, na majeshi ya Uganda yakavuka tena, safari hii yakakaa Beni na Butembo kwa miaka. Mchezaji wa Kinshasa mwenye ndugu nyumbani hawezi kuacha habari kama hizo mlangoni mwa uwanja. Lakini kwenye karatasi za matokeo hazionekani. Kinachoonekana ni mtu ambaye kila msimu anafunga zaidi ya msimu uliopita.

Mwaka 2000 Michael Cooper alipewa timu. Huyu ni mtu wa Lakers wa miaka ya 1980, bingwa mara tano, aliyejulikana kwa ukabaji kuliko kwa kufunga. Chini yake Sparks walishinda mechi 28 na kupoteza nne tu, ingawa Houston waliwatoa kabla ya fainali. Mwaka huo Mabika alichaguliwa kwenye mechi ya nyota wa ligi. Miaka minne tangu Atlanta, msichana wa timu iliyoshika mkia alihesabiwa miongoni mwa wachezaji bora wa Marekani.

Mwaka 2001 ulianza kwa kuuawa kwa Rais Kabila mwezi Januari, ndani ya ikulu yake Kinshasa. Kiangazi, Sparks walirudia hesabu ileile: 28 kwa nne. Safari hii raundi ya kwanza ya mchujo iliwakutanisha na Houston, wakaufuta ufalme wa miaka minne. Wakaipita Sacramento, kisha wakaifunga Charlotte Sting mechi mbili mfululizo za fainali. Mwadi Mabika akawa bingwa wa WNBA.

Msimu wa 2002 ndio ulikuwa kilele chake. Alifikisha wastani wa pointi 16.8 kwa mechi, akaitwa tena kwenye mechi ya nyota, na jina lake likaingia katika vikosi vya wachezaji bora wa ligi. Ulinzi wa timu pinzani uliporundikana kwa Leslie chini ya kikapu, mpira ulitoka nje kwa Mabika, na Mabika alitupa. Hapa nawaomba wanaozoea kutazama nyota mmoja tu waangalie tena. Leslie alihitaji nafasi ya kupumua, na aliyempa nafasi hiyo alikuwa mtu ambaye wapinzani hawakuthubutu kumwacha peke yake kwenye mstari wa pointi tatu.

Mchujo wa mwaka huo Sparks hawakupoteza mechi hata moja. Fainali walikutana na New York Liberty, wale waliowafunga siku ya kwanza ya ligi. Mechi ya kwanza, New York, waliishinda 71 kwa 63. Ya pili ilichezwa Los Angeles tarehe 31 Agosti, na sekunde chache kabla ya filimbi matokeo yalikuwa sare ya 66. Nikki Teasley, aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza, alirusha mpira wa pointi tatu ukaingia. Sitini na tisa kwa sitini na sita, ubingwa wa pili mfululizo.

Mwaka uliofuata walifika fainali kwa mara ya tatu. Detroit Shock waliwafunga mechi mbili kwa moja, ya mwisho mbele ya watazamaji 22,076. Idadi hiyo inastahili kusomwa mara mbili na kila anayesema kwamba wanawake wakicheza watu hawaji. Juni ya mwaka huohuo wa 2003 majeshi ya Uganda yalimaliza kuondoka Kongo.

Baada ya hapo kasi ilipungua, kama inavyompata kila mchezaji. Mabika alibaki Sparks hadi 2007. Kwa wachezaji walioanza na timu siku ya kwanza ya ligi, ni wachache sana waliokaa muda huo bila kuhamishwa. Msimu wake wa mwisho, 2008, aliucheza na Houston Comets, timu ambayo zamani ilikuwa ukuta mbele yake. Mwisho wa mwaka huo Comets nao walivunjwa kwa kukosa mmiliki.

Barani, mlango uliofunguliwa Atlanta haukufungwa tena. Kila Olimpiki iliyofuata ilikuwa na timu ya wanawake wa Afrika. Nigeria ilishinda mechi ya kwanza ya bara hili mwaka 2004, na miaka 20 baadaye, Paris, ikafika robo fainali. Ukiifuata njia hiyo kurudi nyuma, inaishia kwa wasichana wa Zaire waliopoteza mechi saba katika jezi za Mutombo.

Uganda yetu ilikuwa wapi? Timu ya taifa ya wanawake, Gazelles, ilicheza ubingwa wa Afrika mwaka 1997 mjini Nairobi, kisha ikakaa miaka 18 bila kurudi, hadi Yaoundé mwaka 2015. Kigali mwaka 2023 ilifika robo fainali, na Jane Asinde akaonekana na bara zima. Ni hatua kubwa. Lakini tazama vilabu vinavyozaa timu hiyo: KCCA Leopards, UCU Lady Canons, JKL Lady Dolphins. Vinakaa Kampala na jirani yake, Mukono. Msichana mrefu wa Kilembe au Bwera, hata akiwa na mkono wa Mabika, ataanza wapi?

Swali hilo linaniuma zaidi kwa Kilembe, mji wetu wa mgodi, kwa sababu Kilembe iliwahi kuwa na uwezo. Shaba ilianza kuchimbwa kwa wingi mwaka 1956, reli ilipofika Kasese. Kampuni ilijenga nyumba za wafanyakazi, hospitali, shule, hata uwanja wa gofu bondeni. Watu walikuja kutoka pande zote, wakiwemo wa Kongo, na Kiswahili kikapata makao hapa. Kampuni yenye mishahara ya maelfu ya watu inaweza kulea timu ya wasichana bila kuhisi gharama. Ndivyo mashirika ya umma yalivyolea timu Kampala. Mgodi ulisimama mwaka 1982, na ulichokuwa ukibeba kikaanguka nao. Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika, ukabomoa nyumba na kuingia hospitalini. Mei 2020 ukarudi. Bonde lililokuwa na viwanja likabaki na mawe.

Wapo watakaosema kwamba penye mafuriko na mipaka yenye hofu, kikapu ni anasa. Siwakubalii. Zaire ya 1996 ilikuwa na shida kubwa kuliko za Kasese ya leo, na bado ilikuwa na makocha waliofundisha, wachezaji wakubwa waliotangulia, na mtu mmoja aliyelipia jezi. Hayo matatu yalitosha kumfikisha Mwadi Mabika mbele ya macho ya dunia. Kipaji alikuwa nacho tangu awali, kama walivyo nacho wasichana wanaobeba mizigo kila siku ya soko pale Mpondwe.

Serikali na wawekezaji sasa wanazungumza tena habari ya kuufufua mgodi wa Kilembe. Ombi langu kwa halmashauri ya wilaya ya Kasese, kwa wabunge wetu na kwa wenye mgodi ni hili: kwenye mkataba iandikwe kwamba kitajengwa kiwanja cha saruji cha mpira wa kikapu Kilembe, mbali na njia ya mto, na kingine Bwera, aajiriwe kocha mwanamke kwa mshahara wa kudumu, na wasichana watakaochezea hapo walipiwe ada ya shule hadi wamalize.